Pomboo wa plastiki wa sehemu 14: muhula mzima naye darasani Busia

Walimu wenzangu wa baiolojia wameniuliza mara kadhaa kama yule pomboo wa plastiki anayefunguka, anayeuzwa Kampala kwenye maduka ya vifaa vya shule, anafaa kununuliwa. Nimekaa naye muhula mzima, nimemfungua na kumfunga mbele ya madarasa manne, na sasa naweza kujibu. Mnunueni. Ila siku mnayomleta shuleni nunueni pia sponji, gundi na wembe, maana aliyemtengeneza ameacha vitu viwili ambavyo bila hivyo pomboo hajaelezeka: mafuta yake ya chini ya ngozi na maziwa yake.

Nafundisha shule ya sekondari Busia, upande wa Uganda. Baba yangu ni Msamia wa hapa hapa, mama alizaliwa Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, na Kiswahili ndicho tulichokulia nyumbani. Babu mzaa mama alikuwa mvuvi. Alikuwa akitusimulia jinsi pomboo walivyomsindikiza alfajiri akielekea Kisite, upepo bado haujaanza, akisikia pumzi zao ubavuni mwa ngalawa kabla hajaona mgongo wala pezi. "Utadhani mtu anakohoa majini," alikuwa akisema. Mimi niliwaona mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, likizo ya Desemba. Mmoja aliinua kichwa, akalala ubavu, akanitazama kwa jicho moja. Sijamsahau.

Wanafunzi wangu bahari hawaijui. Wengine hata Ziwa Viktoria hawajalifikia, ingawa Mto Sio tulio nao hapa mpakani unamwaga maji yake humo. Kwa hiyo mkuu wa shule aliponiuliza, "Madamu, kwa nini pomboo, na hapa hatuna?", swali lilikuwa halali. Jibu langu lilikuwa neno moja: dhahabu.

Wilaya yetu ina dhahabu. Ukienda Tiira na vijiji vya jirani utakuta watu wanachimba, wanasaga mawe, wanaosha mchanga kwenye karai, kisha wanatia zebaki ili ishike zile chembe ndogo. Donge linalopatikana hukamuliwa kwa kitambaa, halafu huchomwa, mara nyingi kwenye sigiri ya mkaa. Zebaki hupaa ikawa mvuke, dhahabu ikabaki. Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2019, lakini sigiri bado zinawaka, na watoto wa wanaoziwasha ndio ninaowafundisha. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unatutaka mwanafunzi atumie anachojifunza katika maisha yake ya hapa hapa. Basi nilitafuta mnyama mmoja ambaye kwa mwili wake ningeonyesha sumu inavyotoka kwenye tope hadi kumfikia mtoto anayenyonya. Samaki hatoshi, kwa sababu hanyonyeshi. Ng'ombe hatoshi, kwa sababu anakula majani, yuko chini kwenye ngazi ya ulaji. Pomboo anakula samaki tangu anapoachishwa ziwa hadi kufa, majike wengine hupita miaka 50, anavuta hewa kama sisi, na ananyonyesha.

Nilimpata kwa shilingi 420,000, bei ya kwanza ikiwa 500,000. Muuzaji alimfunga kwa magazeti, akamtia kwenye boksi, nikampakata kwenye taksi mpaka Busia. Nilipofika nyumbani na kuhesabu, sehemu zilikuwa 13. Figo ya kushoto haikuwemo. Nimepiga simu dukani mara tatu, na kila mara naambiwa nitatumiwa. Hadi leo sijatumiwa. Basi hesabuni sehemu zenu hapo hapo kaunta, kabla fedha hazijatoka mkononi. (Figo hiyo tuliifinyanga wenyewe kwa udongo wa kichuguu, na kusema kweli imekuwa bora kuliko ile ya kiwandani. Figo ya pomboo si kitu kimoja laini kama ya mbuzi. Ni vijifigo mamia vilivyoshikana, ukiitazama unaona suke la mtama. Ya plastiki wameichora mistari tu. Wanafunzi waliviringisha vidonge vya udongo kimoja kimoja wakavibandika.)

Pomboo mwenyewe ana urefu wa sentimita 62. Amepasuliwa kwa urefu: ubavu wa kushoto una ngozi, wa kulia uko wazi, na viungo vinachomolewa kwa vishikizo vya sumaku. Sumaku ni nzuri, hazijalegea. Rangi ya ngozi ni ya kijivu inayopauka kuelekea tumboni, kama ilivyo kwa pomboo wa kweli. Mgongo mweusi humficha kwa anayetazama kutoka juu, na tumbo jeupe humficha kwa anayetazama kutoka chini.

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote ni kichwa, na hapo mtengenezaji anastahili sifa kamili. Ukikifungua unaona tundu la pumzi lilivyo juu ya utosi, na chini yake mikunjo miwili ya nyama ambayo pomboo huipitishia hewa ili kutoa ile milio yake mikali. Mbele ya mikunjo hiyo kuna donge kubwa la mafuta kwenye paji la uso. Wazungu wameliita tikiti kwa sababu ya umbo lake. Sisi darasani tulikubaliana kuliita paji la mafuta, maana neno tikiti liliwafanya wanafunzi wafikirie mbegu. Mlio hupita kwenye paji hilo, ukakusanywa na kuelekezwa mbele kama mwanga wa tochi, ukagonga samaki, ukarudi. Unarudi wapi? Si kwenye tundu la sikio, ambalo kwa pomboo limebaki kama nukta ya sindano. Unapokelewa na taya la chini, ambalo ndani yake lina mafuta laini yanayoupeleka mlio hadi kwenye sikio la ndani. Mafuta hayo ya tayani yamo kwenye kifaa hiki, kipande cha njano chenye umbo la jani refu, na kinatoka.

Nilimwambia kila mwanafunzi agonge uma wa sauti kwenye meza, kisha auguse kidevuni. Darasa zima likanyamaza. Walikuwa wakisikia kwa mfupa. Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hufumba mdomo kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho, aliurudia mara nne, kisha akasema, "Kumbe taya ni sikio." Niliandika sentensi yake ubaoni na ikakaa hapo wiki nzima.

Pezi la kifuani nalo linafunguka. Ndani kuna mfupa wa mkono wa juu, mifupa miwili ya kigasha, na vidole vitano, baadhi yake vyenye pingili nyingi kuliko vyetu. Tuliweka mikono yetu juu ya meza kando yake tukahesabu. Karibu na mkia kuna vijifupa viwili vidogo kama njiti za kiberiti, havijaungana na uti wa mgongo: ndivyo vilivyobaki vya nyonga, kutoka enzi mababu wa pomboo walipokuwa wakitembea nchi kavu kwa miguu minne. Mkia wenyewe hauna mfupa kwenye mabawa yake, na umelala bapa, tofauti na mkia wa sangara uliosimama. Hilo pekee lilitosha kwa somo la dakika arobaini. Tumbo lina vyumba vitatu, meno yapo yote. Sina la kulalamika hapo, tuendelee.

Mapafu. Hapa nawaomba walimu msipite haraka. Pomboo akitokeza juu hutoa hewa na kuvuta nyingine ndani ya sehemu ya tatu ya sekunde, na kwa pumzi hiyo moja hubadilisha asilimia 80 au zaidi ya hewa iliyomo mapafuni. Wewe na mimi, tukiwa tumekaa kimya, tunabadilisha kama asilimia 15. Halafu pomboo hana vinyweleo vya pua wala vile vijia vilivyopindapinda ambavyo kwetu hunasa vumbi. Kilicho juu ya maji kinaingia chote, kwa nguvu, mpaka ndani, na yeye hukaa nacho anapozama.

Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta uitwao Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko. Watafiti walipowapima pomboo wa Ghuba ya Barataria, Louisiana, mwaka uliofuata, waliwakuta na ugonjwa mzito wa mapafu mara nyingi zaidi kuliko wale wa Ghuba ya Sarasota, Florida, ambako mafuta hayakufika. Majike kumi waliokuwa na mimba huko Barataria walifuatiliwa, na wawili tu ndio waliopata ndama aliyeishi. Kwingineko, wanane kati ya kumi hufanikiwa. Nilipowasomea wanafunzi habari hii nilikuwa nimeshika pafu la plastiki mkononi, na sikulazimika kuwaeleza uhusiano wake na moshi wa sigiri. Waliuona wenyewe.

Sasa niseme kasoro kubwa, ile iliyonifanya niandike haya yote.

Tafuteni mafuta ya chini ya ngozi kwenye huyu pomboo. Mtakuta mstari mweupe uliopakwa kwa brashi, unene wa ukucha. Pomboo mzima ana urefu wa mita mbili na nusu hivi, kwa hiyo huyu wetu ni robo yake. Mafuta ya pomboo wa kweli huwa na unene wa sentimita mbili hivi, hupungua na kuongezeka kufuatana na baridi ya maji na afya yake. Robo ya sentimita mbili ni milimita tano. Wao wameweka moja, tena ya rangi! Na hayo mafuta si pambo. Ndiyo blanketi lake, ndiyo akiba yake ya chakula, ndiyo yanayompa lile umbo la kuteleza majini. Na ndiyo ghala la sumu.

Nilikwenda sokoni kwa fundi viatu nikanunua kipande cha sponji nyeupe, ile nyembamba wanayoitia ndani ya viatu, unene wake karibu milimita tano kamili. Shilingi 3,000. Nilikilaza juu ya ubavu wa wazi, nikafuata umbo kwa kalamu, nikakata kwa wembe nikiacha nafasi ya pezi na jicho. Mara ya kwanza nilikata kikawa kifupi upande wa mkia, nikaongeza kiraka. Kisha nikakigeuza, na kwa ndani, chini kabisa kuelekea mkiani, nikashona mifuko miwili midogo ya kitambaa. Hayo ndiyo maziwa. Pomboo jike ana titi moja kila upande wa mpasuo wa uzazi, limefichwa ndani ya mkunjo wa ngozi ili lisimzuie maji. Ndama akiligusa kwa mdomo, maziwa humiminwa. Ni mazito, yenye mafuta mara kadhaa kuliko ya ng'ombe. Kwenye kifaa cha 420,000 hakuna hata alama ya kuonyesha kwamba mnyama huyu ananyonyesha, na bado boksi limeandikwa mamalia wa baharini.

Kwa shanga nyekundu na shanga za rangi ya fedha somo likakamilika. Nyekundu ni zile sumu zinazopenda mafuta, kama DDT na PCB. DDT watu wa hapa wanaijua. Mwaka 2008 ilipulizwa ndani ya nyumba Apac na Oyam dhidi ya mbu wa malaria, na mabishano yake yakafika mahakamani. PCB ni yale mafuta yaliyotiwa kwenye transfoma za zamani kwa sababu hayashiki moto upesi. Marekani ilipiga marufuku kuyatengeneza mwaka 1979, na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 umeyakataza duniani, lakini hayaozi. Shanga za fedha ni zebaki, na hapa nawasihi walimu wawe waangalifu: zebaki haikai kwenye mafuta. Hushikana na protini, ikaenda kwenye misuli, ubongo, na hasa ini. Ukizichanganya mbili hizi umewafundisha wanafunzi uongo.

Tulikaa chini ya mwembe. Wanafunzi 20 wakawa dagaa, mukene kama tunavyowaita huku, kila mmoja na ushanga mwekundu mmoja na wa fedha mmoja. Watano wakawa samaki wakubwa, kila mmoja "akala" mukene wanne na kubeba shanga zao. Mmoja akawa pomboo akawala wote watano. Akasimama na shanga 40 viganjani, zikimponyoka. Mukene hakuwa na kosa, alikuwa na ushanga mmoja mmoja tu wa kila aina. Ndivyo ilivyo hata ziwani kwetu: sangara mkubwa hubeba zebaki nyingi kuliko mukene, kwa sababu amekula wengi na kwa miaka mingi.

Tukarudi ndani. Shanga nyekundu tukazichomeka kwenye sponji kwa pini, za fedha tukazibandika kwenye ini. Ini la kifaa hiki ni kubwa na zuri, linafaa. Hapo nikawaeleza jambo ambalo mimi mwenyewe nililiona la ajabu nilipolisoma mara ya kwanza: ini la pomboo huchukua zebaki, likaiunganisha na madini ya seleni, zikawa punje ngumu zisizoyeyuka, na mnyama akaishi nazo humo mpaka uzee. Ni njia ya kujikinga, lakini ina kikomo chake.

Kisha nikamtoa ndama, ambaye tulimtengeneza kwa mabaki ya sponji. Nikachomoa pini nyekundu moja baada ya nyingine kutoka ubavuni mwa mama, nikazipitisha kwenye ile mifuko miwili, nikazichomeka kwa mtoto. Niliendelea mpaka ubavu wa mama ukabaki na chache. Ndivyo inavyotokea. Huko Sarasota, ambako pomboo wa mwituni wamefuatiliwa tangu mwaka 1970, kizazi kwa kizazi, imeonekana kwamba sumu hizi hupungua sana mwilini mwa jike baada ya kuzaa mara ya kwanza. Dume hana pa kuzitoa, zinamlimbikia maisha yake yote. Mzaliwa wa kwanza ndiye anayepokea mzigo wa miaka yote ambayo mama yake alikuwa bado hajazaa, na wazaliwa wa kwanza hufa zaidi kuliko wadogo zao.

Kulikuwa na ukimya, halafu binti mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono. "Madamu, mama yangu anachoma dhahabu, na nyumbani tuna mtoto mchanga. Aache kunyonyesha?"

Nilimjibu kwa makini, na nawaandikia hapa nilichomjibu, kwa sababu nanyi mtaulizwa. Hapana, asiache. Maziwa ya mama yana faida kubwa mno kwa mtoto, na zebaki ya samaki humfikia mtoto zaidi akiwa tumboni kuliko kwa maziwa. Kinachopaswa kuacha ni sigiri ya zebaki kuwashwa penye nyumba. Mvuke ule hauonekani wala haunuki, na mtoto aliyebebwa mgongoni anauvuta pamoja na mama yake. Ichomewe mbali, penye upepo, bila mtoto wala mjamzito, na ikiwezekana kwenye kile chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Na kliniki waambiwe kazi anayoifanya.

Jumamosi iliyofuata mama huyo alikuja shuleni. Alikuwa na mtoto mgongoni na udongo mwekundu bado miguuni. "Mwalimu, nimekuja kumwona huyo samaki," akasema. Nikamkaribisha, nikamwambia, "Si samaki, mama, huyu ni mwenzetu, ananyonyesha." Alikaa kwenye benchi la mbele. Binti yake ndiye aliyemfungulia na kumweleza, kwa Kisamia, pini moja moja, nami sikutia neno. Mama alibonyeza sponji kwa kidole gumba, akaiachia ikarudi, akabonyeza tena. Akauliza kama ndama yule wa kwanza alipona. Binti akamwambia wengine hupona.

Nirudi kwenye bidhaa. Boksi linakuja na chati ya ukutani na kijitabu cha kurasa 24, vyote kwa Kiingereza. Chati ya viungo ni safi, nimebandika majina ya Kiswahili juu yake kwa karatasi za gundi. Ramani ya makazi hairidhishi. Bahari zote wamezipaka rangi moja, kana kwamba pomboo wote ni wamoja na wanaishi popote. Pomboo wengi wa kwetu, wale wa Shimoni, Kizimkazi ya Unguja na pwani yote hii, ni wa jamii ya Bahari ya Hindi, wadogo kidogo kuliko wale wa Florida, na wanapenda maji ya kina kifupi karibu na miamba. Kukaa karibu na pwani ndiko kunakowapa chakula, na ndiko kunakowaweka karibu na kila kinachoshushwa na mito. Hilo lingefaa kuwa kichwa cha habari cha ramani, na halipo. Pomboo wa mitoni, wale wa Amazoni, Ganges na Indus, hawakutajwa kabisa, wala yule wa mto Yangtze, China, ambaye msafara wa mwaka 2006 ulimtafuta mto mzima usimpate hata mmoja.

Na kwa sababu hawakutajwa, jiandaeni kwa swali: kwa nini Nile haina pomboo? Mimi niliulizwa kila darasa. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kati yake na Bahari ya Kati kuna maporomoko mengi. Hata kama pomboo angejaribu kupanda, maporomoko ya Murchison yangemsimamisha. Tena ziwa lenyewe lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, likajaa upya. Kwa ziwa, ni kijana.

Kijitabu kina ukurasa mmoja wa uchafuzi, na huo ndio ulioniudhi. Picha ni mbili: mfuko wa plastiki majini na ndege aliyepakaa mafuta. Mwanafunzi akisoma hapo ataamini kwamba maji yakionekana safi basi ni salama. Nilimwongezea ukurasa wangu. Niliandika habari ya orka, ambaye ingawa watu wengi humwita nyangumi, yeye ni pomboo, mkubwa kuliko wote. Jike mmoja aliyejulikana kwa jina la Lulu alikutwa amekufa kwenye kisiwa cha Tiree, Scotland, Januari 2016. Alikuwa na umri wa miaka 20 au zaidi, na vipimo vilionyesha hakuwahi kuzaa. Kwenye mafuta yake kulikuwa na PCB miligramu 957 kwa kila kilo, mara zaidi ya 20 ya kiwango ambacho kinahesabiwa kuleta madhara makubwa. Bahari aliyoishi inaonekana safi kabisa kwenye picha.

Niliongeza pia jambo la upande wa pili, ili wanafunzi wasione sumu kila mahali. Mwishoni mwa Aprili 2006, pomboo mamia, kama 400, walikufa ufukweni Nungwi, Unguja. Nakumbuka mama alivyopigiwa simu na ndugu zake, na kila mtu alisema ni sumu. Uchunguzi haukukuta sumu iliyowaua. Walionekana kupotea njia wakaingia maji mafupi. Na watafiti waliopima mafuta ya pomboo wa Unguja walikuta DDT, ndiyo, lakini walikuta kwa wingi zaidi kemikali zinazotengenezwa na viumbe wa baharini wenyewe. Kujua hilo hakuipunguzii zebaki ya Tiira uzito wake. Kunamfundisha mtoto kupima kabla ya kulaumu.

Watafiti huwapima pomboo hai kwa mshale mwepesi unaokata kipande cha ngozi na mafuta kidogo kuliko kifutio cha penseli. Hilo nalo kijitabu hakisemi. Kwa sponji yetu tunalionyesha kwa kutoboa na mrija wa kalamu ya wino.

Uimara wake ni mzuri: ameanguka mezani mara mbili, pezi la mgongoni limepata mwanya, nimeuziba kwa gundi. Msimwache dirishani, rangi ya ubavu uliotazama jua imeanza kupauka. Kwa shule yenye fedha kidogo ningesema shule mbili zichange na kumzungusha. Nimewauliza dukani kama yupo jike, mwenye viungo vya uzazi na titi, nikaambiwa kiwanda hakitengenezi.

Wanafunzi wamempa jina Nabwire. Pini zimeitoboa sponji yake mpaka haishiki tena, na kesho nitapita kwa yule fundi viatu nichukue kipande kingine.